Nderi Amekula Sumu

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, lakini kwa kicheko kilekile, kama ni kweli nilishuka kwenye gari la maiti pale Ruiru nikiwa nimekumbatia tenga la kuku lenye tumbusi ndani. Ni kweli. Mmeuliza pia kama mchungaji alitapikiwa. Hilo nalo ni kweli, na sijutii. Hayo mengine, kwamba nilikamatwa na kwamba maiti ilifufuka barabarani, ni uongo, au tuseme ni ukweli uliopitia midomo ya watu wa mtaa wetu wa Landless. Basi naandika mara moja, niache kuulizwa kwenye foleni ya maziwa.

Mnajua kwamba nafundisha Kiswahili shule ya upili, na kwamba Jumamosi zangu nimezitoa kwa kikundi kidogo kinachohesabu tumbusi, wale ndege wakubwa wenye shingo ya upara wanaokula mizoga. Mume wangu husema ningeweza kujitolea kwa ndege mwenye sura. Zamani ukitazama juu ya kichinjio chochote upande wetu uliwaona wakizunguka. Siku hizi tunakaa na darubini mpaka macho yanauma, tunaandika "hakuna", kisha tunaenda kunywa chai.

Njano alikuwa wa mwisho. Tulimwita hivyo kwa sababu ya kibandiko cha njano tulichomfunga bawani, siku ambayo mimi mwenyewe nilimshika kifuani, moyo wangu ukidunda na wake ukidunda. Wenzake tuliowafunga siku hiyo walipotea mmoja baada ya mwingine. Yeye peke yake ndiye alikuwa bado akirudi anga la Gatuanyaga. Kwa hiyo yote niliyoyafanya niliyafanya kwa ajili yake, si kwa sababu "mwalimu amechanganywa na kusahihisha mitihani" kama alivyotangaza mtu fulani katika chumba cha walimu.

Landless hadi Gatuanyaga

Habari aliileta Waweru, mwendesha bodaboda wa Gatuanyaga ambaye ndiye macho yetu upande huo. Alinitumia ujumbe wa sauti, na kwa kuwa ni mtu wa haraka, akautuma vilevile kwenye kundi la simu la mtaa mzima. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka: "Nderi amekula sumu. Ako huku chini karibu na dam. Bado anapumua lakini amelegea kabisa. Mwenye ako na gari akuje haraka, tafadhali!"

Sasa, nderi kwa Kikuyu ni tumbusi. Nderi pia ni jina la mwanamume, na pale Gatuanyaga ukiita "Nderi!" sokoni, watageuka wanaume watatu na mmoja atakuuliza unamtakia nini. Kiswahili nacho hakikusaidia. Mtu anapumua, ndege anapumua. Mtu amelegea, ndege amelegea. Miaka yote nimesimama mbele ya darasa nikiisifu ngeli ya A-WA kwa kutobagua viumbe. Angalau Waweru angesema "tumbusi"? Hakuna ambaye angemwelewa. Neno hilo linajulikana na wanafunzi wangu wa kidato cha nne peke yao, nao hulisahau siku ya mtihani ikiisha.

Nilipanda bodaboda pale Landless nikamwambia kijana wa watu, "Gatuanyaga, kwa yule Nderi aliyekula sumu." Alizima redio papo hapo.

"Woi, pole sana madam. Nimeona kwa grupu. Alikuwa mtu wako?"

"Ni kama wangu," nikasema. "Tumefuatana miaka."

"Miaka?"

"Kila Jumamosi. Siku ya kwanza nilimshika kwa mikono yangu hii."

Akanitazama kwenye kioo, pikipiki ikayumba. "Na mzee wa nyumbani anajua?"

"Anajua. Hata darubini ni yeye aliyeninunulia."

Hakuuliza tena. Nilidhani ni vumbi linalomnyamazisha, maana ukishaiacha lami njia ile hukupaka unga mwekundu mpaka kwenye meno. Njiani tukawapita watu, wengi, wote wakielekea upande mmoja: wanawake na masufuria kichwani, wanaume wenye makoti, kwaya nzima yenye sare. Nikauliza wanaenda wapi. "Kwa Nderi," akasema. Jamani, nilitokwa na machozi. Miaka yote tumehubiri habari za tumbusi kwenye mabaraza na kuambulia miayo, kumbe mbegu ilikuwa imeota! Watu wa Gatuanyaga walikuwa wameacha mashamba yao kwenda kumwokoa Njano. Niliwapungia mkono, nao wakanipungia kwa huzuni.

Nyumbani kwa Nderi

Hakunipeleka bwawani. Alinishusha kwenye boma lenye turubai, viti vya plastiki na birika la chai linalofuka, na katikati ya ua kulikuwa na gari la maiti, jeusi, mapazia yamefungwa.

Gari lile lilikuwa la Kimani, mpwa wa mzee Nderi, anayefanya kazi ya kusafirisha maiti pale Thika. Aliposikia mjomba wake amekula sumu alikuja mbio kumpeleka hospitali kwa gari pekee alilo nalo. Lakini nani angemsikiliza? Gari la maiti likishaingia bomani, hakuna anayeuliza tena kama mgonjwa anapumua. Wanawake walikwisha kupiga mayowe, na mbuzi wa mzee alikuwa jikoni vipande vipande, akisubiri chumvi.

Mama Shiru, mwenyekiti wa kwaya, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, alinipokea kwa macho mawili makali. "Na wewe ni wa wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, yule kijana wa bodaboda akanisaidia bila kuombwa. "Huyu ni mtu wake. Ya Jumamosi."

Ua mzima uligeuka kunitazama. Mama Wambui, mke wa mzee Nderi, aliyekuwa akiliegemea bega la dada yake, aliinua kichwa polepole na machozi yakamkauka. "Haiya," akasema. "Kwa hivyo Jumamosi hakuwa anaenda kuangalia fensi."

Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba pana kosa mahali fulani, lakini mchungaji alikuwa ameanza wimbo, na katika nchi hii wimbo wa msiba ukianza huwezi kusema neno mpaka beti zote ziishe. Tukaimba. Wakati wa ubeti wa tatu mwanamume mwenye koti la kijani na kofia ya sufu aliingia kwa mlango wa nyuma, akaona watu, akavua kofia kwa adabu na kuimba nasi, besi nzuri kabisa. Baadaye aliniambia alidhani ni jirani yake mgonjwa ndiye amefariki na boma lake limeazimwa kwa ajili ya kivuli. Aliimba mpaka mwisho. Akasema amina.

Kisha mchungaji akafumba macho. "Bwana, msamehe mtumishi wako Nderi, ambaye kwa udhaifu wa mwili ameamua kula sumu…"

"Nani?" ikauliza ile besi.

Mayowe mliyoyasikia Landless ndiyo hayo. Kuna waliokimbia, kuna aliyemwaga chai. Mama Wambui hakukimbia. Alimfuata mumewe akampiga mgongoni kwa kiganja, mara ya kwanza kuhakikisha kuwa ni mzima, mara ya pili kwa ajili ya Jumamosi. Mzee Nderi naye, badala ya kufurahia uhai wake, alishikwa na hasira ya kusingiziwa mbele ya kanisa. Akapaza sauti:

"Mimi sijakula sumu! Nani anasema nimekula? Hiyo sumu mimi si kukula nilikula, mimi niliweka!"

Nikasogea mbele. "Uliweka wapi, mzee?"

Aliona amejifunga kamba mwenyewe. Sauti ikashuka. "Kwa ile ndama ilikufa. Pale dam. Ilikuwa ya mbwa koko, wamenimalizia kondoo."

Ndipo nikaeleza, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, kwamba Nderi aliyekula sumu ni ndege, tena bado yuko hai, na kwamba nahitaji gari sasa hivi. Nilitegemea umati ule wenye huruma ungeinuka pamoja nami. Mama Shiru akaniuliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha kuwa ametukanwa: "Ati ndege?"

"Tumefunga duka tukuje kulilia ndege?" mwingine akasema. Wakakaa. Chai ikazunguka tena, na mtu akauliza kama yule mbuzi ataliwa au atarudishwa.

Nilikasirika, nami sioni haya kusema. Mtu aliyekufa kwa uvumi alikuwa na turubai na kwaya, na kiumbe aliyekuwa akifa kwelikweli hakupata hata mmoja wa kuinuka. Aliyeinuka ni Kimani. "Mwalimu, mimi nishatoka Thika," alisema. "Gari iko na mafuta, na sijazoea kurudi nyuma ikiwa empty. Twende."

Nikampigia Daktari Akoth, anayetibu ndege pale Ruiru. Alisema jambo moja na akalirudia: "Niletee pia hiyo sumu. Nikikisia dawa vibaya nitamuua mimi." Mzee Nderi akaapa kwamba karatasi ya sumu aliichoma. Hakuweza kunitazama usoni aliposema hivyo. Mkewe akamsukuma kuelekea garini. "Enda na huyu mwalimu wako. Hii Jumamosi yenu nataka uimalize."

Bwawani

Waweru alikuwa amesimama na tawi la mwiba, akifukuza mbwa na kututukana kwa kuchelewa. "Kwani mlikuwa mnakunywa chai?" aliuliza. Tulikuwa tumekunywa, kweli. Mama Shiru alikuwa amekataa tuondoke na tumbo tupu.

Ndama alilala ubavu. Kando yake walikuwa tumbusi wawili wageni, wasio na kibandiko, waliokwisha kufa, mabawa wazi, vichwa mchangani. Njano alikuwa hatua chache pembeni, amekalia miguu yake kama kuku anayeatamia, kichwa kikining'inia na mate yakimtoka. Kibandiko kilikuwa bado kinang'aa. Nilipiga magoti nikamwita jina lake kama mjinga. Akafumbua jicho moja.

Ng'ambo ya fensi, mbwa koko walikaa safu moja, wazima na wanene, wakitutazama.

"Mbwa amekufa hata mmoja?" nikamuuliza mzee Nderi.

Alitazama safu ile. "Hapana."

Tumbusi hawanusi mzoga; huambiana kwa kutazamana. Mmoja akishuka, wa mbali anamwona, naye anashuka, na wa mbali zaidi anamwona huyo, mpaka anga la kata tatu linamiminika mahali pamoja bila yeyote kuuliza kuna nini. Watu wa Gatuanyaga walikuwa wamefanya vivyo hivyo asubuhi ile, ila wao waliandaliwa mbuzi asiye na sumu. Nikamwomba Waweru abaki achome ndama na wale wawili mpaka wawe majivu, maana nyama ile ingeendelea kuita.

Mchungaji alikuwa ametufuata, nadhani kwa aibu. Alimwinamia Njano, akanyoosha mkono, akasema, "Kiumbe cha Mungu." Njano akamtapikia. Kama hamjawahi kunusa kilichokaa tumboni mwa tumbusi, shukuruni. Kilimpata kifuani, kikashuka kwenye tai. Nikamwambia asihuzunike, ni dalili nzuri, sumu inatoka. Alirudi bomani kwa miguu, na upepo ukatuhakikishia kwamba bado yuko njiani.

Tulimfunika Njano kwa leso, tukamtia kwenye tenga la kuku tulilolibeba kutoka kwa Mama Wambui.

Gatuanyaga hadi Thika

Kwa taarifa yenu, hakuna gari linalomfaa tumbusi mgonjwa kuliko gari la maiti. Giza, ubaridi, mapazia, nafasi ya kutosha, na dereva aliyezoea kutowasumbua abiria. Tatizo lilikuwa moja: tulipofungua mlango wa nyuma tulimkuta Mama Shiru na wanakwaya wenzake wawili wamekwisha kukaa kwenye benchi tangu bomani, vikapu magotini.

"Sisi tunashuka Thika," akasema. "Hii gari si inaenda tu?"

Niliwaomba jambo moja tu: kimya, kwa sababu kelele humwua ndege mwenye hofu. Walikubali. Wakanyamaza mpaka tulipofika kwenye kona ya kwanza. Baada ya hapo walianza kuimba, kwa sauti ya chini, wakisema si kuimba, ni kuvuta pumzi tu.

Katika gari lile nilijifunza jinsi maiti inavyoishi maisha mazuri. Malori yalitupisha. Wachuuzi walivua kofia. Mzee mmoja aliyekuwa akivuka na punda alimsimamisha punda kwa heshima. Kama tungekuwa na bendera ya kusema "ndani ni mgonjwa anayehitaji kuwahi", tungekuwa bado tuko pale mpaka leo.

Daktari alikuwa ameagiza unga wa mkaa wa dawa, basi tukasimama Makongeni kwenye duka la dawa. Muuzaji, binti mwenye kucha ndefu, aliniuliza maswali yake yote.

"Mgonjwa anaitwa?"

"Nderi," nikasema, kwa uchovu.

"Kilo ngapi?"

"Kama tano."

"Kwa hivyo ni katoto."

"Ni mtu mzima."

Alinitazama, akatazama gari la maiti nje, akanipa mkaa na kusema Mungu atanitia nguvu.

Katikati ya mji tukakwama. Msafara wa harusi ulikuwa unaelekea maporomoko ya Chania kupiga picha, magari yamefungwa riboni, na gari letu likajikuta katikati yake. Shangazi wa bibi harusi alitoa kichwa dirishani. "Toeni hiyo mkosi hapa! Leo si siku yenu!" Mama Shiru, ambaye huwa hakubali kupitwa na neno, akafungua pazia akajibu kwamba siku haina mwenyewe. Wakabishana kutoka gari hadi gari. Mimi nilikuwa nimeweka sikio kwenye tenga. Pumzi ya Njano ilikuwa imeanza kukatika, inakuja, inasita, inakuja. Nikapiga kelele wanyamaze, kelele ya kweli, ile ninayoiweka kwa ajili ya siku za mitihani. Walinyamaza wote, hata shangazi. Kimani akapanda ukingo wa barabara tukapita.

Mama Shiru na wenzake hawakushuka Thika. Walisema soko litakuwako hata kesho.

Thika hadi Ruiru

Kwenye barabara kuu tulisimamishwa na askari. Alivua kofia yake kwanza, mtu mwenye malezi, akaomba kuona ndani. Mlango ulipofunguka wale wanawake wakaanza kuimba bila kuambiwa, kwa mazoea tu. Askari aliona tenga dogo lililofunikwa leso. Sauti yake ikawa ndogo.

"Ni mtoto?"

"Ni Nderi," akajibu Mama Shiru.

"Pole. Alikuwa na miaka mingapi?"

Njano akachomoa shingo kwenye tundu la tenga, upara mtupu, jicho jeusi, na akazomea. Askari aliruka mpaka kwenye njia ya malori. Kofia ilitangulia.

"Afande, ni tumbusi," nikamwambia.

"Tumbu nini?"

"Vulture, afande," akasema Kimani.

Askari akafikiri. "Na maiti iko wapi?"

"Hakuna maiti."

"Sasa kama hakuna maiti, vulture anafuata nini?"

Lilikuwa swali zuri. Mzee Nderi muda wote huo alikuwa amejikunja kwenye kona, mkono ndani ya koti. Askari alipotuachilia, akiapa kwamba hatamsimulia mtu, mzee bado hakuutoa mkono.

Nilikuwa bado namchukia. Lakini baada ya mwendo kidogo alisogea karibu na tenga, akamtazama Njano kupitia tundu, kwa muda.

"Mwarimu," alisema. "Leo nimeona venye nitaliliwa. Watu walikuwa wengi. Hata sikujua wananipenda hivyo." Akarekebisha leso juu ya tenga. "Na huyu hakuna mtu alimlilia."

"Mimi nilikuwa namlilia."

"Nilisikia. Hiyo ndiyo imeniletea shida na bibi."

Mama Shiru akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Mzee hakucheka. Alitoa mkono kwenye koti, na katika kiganja kulikuwa na kijifurushi cha karatasi ya gazeti. "Sikuchoma. Niliogopa ni kesi. Hii hapa yote imebaki." Ndani yake mlikuwa na chenga za zambarau, nzuri kutazama, kama zile wanazopamba nazo keki.

Ruiru

Daktari Akoth ana chumba cha matibabu nyuma ya duka la dawa za kilimo. Mbele wanauza chakula cha kuku, mbolea na dawa za wadudu. Unapita katikati ya rafu, unafungua mlango, na huko ndiko anakotibia. Alimlaza Njano kwenye meza, akasikiliza kifua, akakunja uso. Nikampa kijifurushi. Aligeuza chenga kwenye mwanga.

"Haina jina. Ziko mbili zinafanana hivi, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Ulinunua wapi, mzee?"

"Sokoni. Mtu anapima na kijiko."

"Kopo lilikuwa la namna gani?"

Mzee alifumba macho akijaribu kukumbuka. Njano alitikisika mwili mzima, miguu ikanyooka. Nilimshika mguu, nikaona aibu kwa kulia, nikalia. Ndipo mzee Nderi akatoka mbio kwenda dukani mbele, tukamsikia akipaza sauti: "Ni hii! Ni hii iko hapa juu, ya kifuniko ya manjano!"

Na sauti ya muuzaji, yenye adabu ya biashara: "Sawa mzee. Unataka kubwa ama ndogo?"

Daktari hakungoja. Alisikia rangi ya kifuniko akavuta sindano. Tulisimama ukutani, mimi, mzee, Kimani na kwaya, wote kimya, kimya cha kweli, na hakuna aliyekuwa ameomba. Mama Shiru alikuwa amenishika mkono, sijui tangu lini. Tulingoja mpaka mate yakakauka kwenye mdomo wa yule ndege na kichwa kikaanza kusimama chenyewe. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaijaribu glavu ya daktari kwa mdomo.

"Huyu ataishi," Daktari Akoth akasema. Akachukua kalamu aandike kwenye kadi. "Jina la mgonjwa?"

"Njano," nikasema.

"Nderi," wakasema wale wengine wote kwa pamoja. Akaandika Nderi.

Tulikula chapati na maharagwe kwenye kibanda cha jirani, na Kimani aliegesha gari mbali kidogo kwa sababu mwenye kibanda alilalamika kwamba linawafukuza wateja.

Kurudi, na baada ya hapo

Njano aliachiliwa majuma kadhaa baadaye, pale pale bwawani. Nilitangaza kwenye kundi la mtaa, safari hii kwa maneno yasiyo na utata wowote, nikataja ndege, mabawa na mdomo. Waliokuja ni Waweru, Kimani, Mama Shiru na mzee Nderi. Mama Wambui alituma tenga na salamu za mdomo tu. Njano alitembea hatua chache kwa hatihati, akafungua mabawa, akapanda juu ya fensi, juu ya miti, akazunguka mara moja, na kuelekea kusini. Hakurudi. Mtu wa kikundi kingine ameona kibandiko cha njano mbali sana na sisi. Yu hai, basi, na Gatuanyaga hana haja nayo tena. Simlaumu.

Juzi simu yangu ililia nikisahihisha insha. Ilikuwa sauti ya besi.

"Mwarimu, habari ya huko. Ng'ombe ya jirani imekufa, iko hapa chini kwa dam. Hakuna mtu ameweka kitu, mimi mwenyewe nimekataza. Nimekaa hapa kwa fensi tangu asubuhi nikiangalia juu."

"Umeona nini?"

"Nzi. Na zile mbwa, sasa zimezaana." Nikasikia upepo kwenye simu. "Siku yangu watu walikuja wote, hata kabla nikufe. Huyu ng'ombe hakuna mtu amekuja."

Nilimwambia tu tusubiri, pengine kuna mmoja atapita juu.

"Wacha nikae kidogo," alisema. "Lakini harufu imefika mpaka kanisani. Na unajua, mwarimu, huku tuko na akina Nderi wengi sana. Hakuna hata mmoja wetu anaweza hiyo kazi."